Mapambo ya bibi: yapi uvae kila siku, yapi uyapumzishe

Swali: Shikamoo mtaalamu. Marehemu bibi yangu aliniachia kisanduku chenye mapambo manne ya kale: pete ya dhahabu yenye kito chekundu, mkufu wa lulu, hereni za feruzi za kuning'inia, na bangili ya fedha iliyonakshiwa, ya kufungua kwa bawaba. Pete imezibwa kwa dhahabu nyuma ya kito, mwanga haupiti, na kwa ndani ina alama za 15 na .625. Inanipwaya kidogo. Mama anataka niyafungie yote kabatini, lakini bibi mwenyewe alikuwa akisema pambo lisilovaliwa hufa. Mimi ni muuguzi, nanawa mikono kutwa. Naweza kuyavaa kila siku bila kuyaharibu? Na niyasafisheje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na bibi. Nitangulize jibu lenyewe, maelezo yafuate. Hereni na lulu unaweza kuzivaa karibu kila siku. Bangili ivae siku ambazo huna kazi ya mikono. Pete usiende nayo kazini hata siku moja.

Bibi yako alisema kweli, na mama yako pia anasema kweli, ila kila mmoja yuko sahihi kuhusu sehemu yake ya mwili. Pambo la sikioni au la shingoni halina kitu cha kugonga. La kidoleni na la mkononi linagonga kila kitu: kitasa, sinki, ukingo wa kitanda, pembe ya meza. Ndiyo sababu hereni za zaidi ya miaka mia hupatikana zikiwa karibu kama zilivyotoka kwa sonara, na pete ya umri huohuo ukaikuta imelika upande wa kiganja hadi imekuwa nyembamba kama uzi. Umri wa pambo hauniambii mengi nikitaka kujua kama litastahimili kuvaliwa. Naangalia linakaa wapi mwilini na limeunganishwa kwa kitu gani.

Na kuhusu kuunganishwa: mapambo ya kale hayafi mengi kwa ajali. Yanakwisha polepole, kwenye viungo. Vikucha vinavyoshika kito, ndoana ya hereni, msumari wa bawaba, uzi wa lulu. Kito na dhahabu vinakuwa bado na uhai wa miaka mingi, wakati kiungo kinachovishika kimebaki kidogo sana. Mtu anayevikagua viungo vyake mara kwa mara anaweza kuvaa vitu vya kale kwa raha. Asiyevikagua atapoteza hata anachokivaa mara mbili kwa mwaka.

Tuje kwenye pete, maana ndiyo inayonipa wasiwasi.

Karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu, na dhahabu safi ni karati 24. Karati 15 ni sehemu 15 katika 24, yaani 0.625, na hiyo ndiyo .625 uliyoiona. Kiwango hicho kiliruhusiwa kisheria Uingereza mwaka 1854, kikafutwa mwaka 1932 pamoja na kile cha karati 12, vyote viwili vikapisha karati 14. Kama alama ni za kweli, basi yaelekea pete yako ilitengenezwa ndani ya kipindi hicho. Usiruhusu mtu yeyote azisugue alama hizo zikafifia. Ndizo hati ya kuzaliwa ya pete.

Kilichonishtua zaidi ni ule mgongo uliozibwa. Katika karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19, mafundi waliweka nyuma ya kito karatasi nyembamba sana ya metali, mara nyingi iliyotiwa rangi, ili mwanga ugonge pale na kurudi juu na rangi ya kito ikolee. Watu walikaa jioni kwa mwanga wa mishumaa, na kito chekundu kisicho na kitu nyuma yake kingeonekana cheusi tu. Karatasi ile inabaki hai kwa sababu moja: maji na hewa havijaifikia. Tone moja likipenya ukingoni, metali inasawijika, na kito kilichokuwa kikiwaka kinafifia upande mmoja au kinaota doa la kijivu. Doa hilo halioshwi. Linaondoka kwa kufungua kikalio, yaani ile sehemu ya pete inayokishika kito, na kubadilisha karatasi, na hapo umeshapoteza sehemu ya kazi ya fundi wa kwanza. Sina hakika kwamba yako ina karatasi hiyo, ila mgongo uliozibwa unatosha kuichukulia kwamba inayo. Isitumbukizwe majini, isinawe nawe, isipakwe kitakasa mikono. Kwa muuguzi, hilo tu linamaliza mjadala wa kuivaa kazini. Isitoshe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawasihi sana wahudumu wa afya wasivae pete wanapohudumia wagonjwa, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake. Ushauri huo unakulinda wewe, mgonjwa wako na pete yako kwa pamoja.

Usidhani kila kito chekundu ni yakuti. Katika pete ya kale chaweza kuwa yakuti, ganeti au spineli (mawe mengine mekundu), kioo, au tabaka jembamba la ganeti lililounganishwa juu ya kioo, mbinu iliyopendwa sana karne ya 19. Chaweza pia kuwa yakuti iliyotengenezwa na binadamu: Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kuitengeneza kwa moto mwaka 1902, na tangu hapo yakuti hizo zimeingia katika pete nyingi ambazo leo tunaziita za kale. Tofauti hizi zina maana kwako. Kwa kipimo cha ugumu alichokianzisha Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho namba kubwa ndiyo ngumu zaidi na huikwaruza iliyo ndogo, yakuti iko 9, ganeti iko kati ya 6.5 na 7.5, kioo kiko karibu na 5.5. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Kwa hiyo ukipangusa kito chenye vumbi kwa kitambaa kikavu, unaweza kuwa unakikwaruza kwa mkono wako mwenyewe ukidhani unakitunza. Hadi mtaalamu wa vito akipime, kihesabu ni kioo: ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini kabisa, ile ya vipodozi iliyo mpya na haijaguswa na poda, ndipo upanguse taratibu.

Sasa namna ya kuikagua. Kaa dirishani mchana, tandika kitambaa cheupe mezani ili kitu kikidondoka ukione. Chukua kipande cha soksi ya nailoni, kipitishe polepole juu ya kito kutoka kila upande. Kikinasa hata kidogo, kuna kikucha kimeinuka au ukingo umefunguka. Kisha ishike pete karibu kabisa na sikio, uigongegonge kwa ncha ya kidole. Pete nzima iko kimya. Ukisikia mlio mwembamba wa kitu kinachocheza, kito kimelegea, na pete hiyo haivaliwi tena hadi ifike kwa sonara. Ukiwa na kioo cha kukuzia cha mara 10, angalia vichwa vya vikucha: kilicho kizima ni cha mviringo na kimelala vizuri juu ya kito, kilicholika kimekuwa bapa, na mwisho wake unameta kuliko vingine. Fanya hivi kila mwezi ukiwa unaivaa. Haichukui muda.

Na kwa vile inakupwaya, kuna hatari ya pili. Vidole hunywea penye baridi, na sabuni hutelezesha. Pete nyingi zinazopotea hazikuibwa. Ziliteleza majini, au zilivuliwa na kuwekwa kandokando ya sinki. Zoea kuivulia mahali pamoja tu, kwenye kibakuli kilicho mbali na maji. Nitarudi kwenye suala la kuipunguza. Jambo jingine: usiivae kidole kimoja na pete yenye almasi. Almasi ina ugumu wa 10 na itaitafuna dhahabu ya bibi kila unapokunja ngumi.

Lulu zina tabia nyingine kabisa. Karibu lulu nzima ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa na protini kidogo na maji kidogo. Asidi huila. Jasho lina asidi, siki na ndimu zina asidi, manukato na dawa ya kupuliza nywele nazo huidhuru ngozi yake ile inayong'aa. Ndiyo maana lulu huvaliwa mwisho, baada ya losheni na marashi kukauka mwilini, na huvuliwa kwanza urudipo. Ukishavua, zipanguse moja moja kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu mdogo sana, kisha uzilaze juu ya kitambaa hadi zikauke. Usizitundike, maana uzi huvutika kwa uzito wao.

Hapa ndipo bibi yako alipokuwa na haki kubwa. Lulu zilizofungiwa miaka mingi mahali pakavu kupita kiasi, ndani ya sefu kwa mfano, zinaweza kukauka na kupasuka nyufa nyembamba. Hazipendi pia mfuko wa plastiki uliobanwa. Kuzivaa na kuzipangusa kunazifaa kuliko kuzificha.

Kiungo cha lulu ni uzi. Ushike mkufu kwa kibanio, uuache uning'inie. Lulu zikishuka na kuacha kipande cha uzi kikionekana karibu na kibanio, uzi umelegea. Angalia na mafundo katikati ya lulu: yakiwa ya kijivu au yenye nyuzi zilizochambuka, uzi umekula jasho na uko njiani kukatika. Mpelekee fundi autunge upya kwa hariri, na mwambie waziwazi kwamba unataka fundo baada ya kila lulu. Fundo huzuia lulu zisisuguane, na uzi ukikatika barabarani utadondosha lulu moja badala ya kuzimwaga zote. Ukivaa karibu kila siku, utunge upya kila mwaka. Kibanio cha zamani kirudishwe palepale. Mara nyingi ndicho kinachosema umri wa mkufu.

Kabla ya kuutunga upya, ningekushauri uzipime kwa eksirei katika maabara ya vito. Kokichi Mikimoto wa Japani alifanikiwa kufuga lulu nusu-duara mwaka 1893, na lulu za kufugwa zilizo duara kamili zilienea sokoni katika miaka ya 1920. Mkufu wa kabla ya hapo una uwezekano mkubwa wa kuwa wa lulu asilia, na lulu asilia zina thamani nyingine kabisa. Macho hayawezi kuzitofautisha kwa uhakika. Eksirei inaweza.

Hereni za feruzi ndizo rahisi kuishi nazo, mradi ukumbuke kwamba feruzi ina vinyweleo. Inanyonya mafuta, losheni, hata jasho la shavuni, na samawati yake hugeuka kijani taratibu. Rangi ikishabadilika hivyo hairudi kwa kuosha. Paka mafuta, subiri, kisha vaa. Isilowekwe, isipakwe spiriti. Kiungo cha kuangalia ni ndoana, hasa pale juu inapopinda na kubeba uzito, na kile kikuku kidogo kinachounganisha ndoana na pambo. Metali ikiwa imelika pale kiasi cha kuonekana kwa jicho, fundi aongeze metali au aweke ndoana nyingine, nawe uihifadhi ile ya zamani ndani ya kisanduku. Nyuma ya sikio weka kizuizi kidogo cha silikoni. Ni kitu cha thamani ndogo mno, na kimeokoa hereni nyingi kuliko mafundi.

Bangili ya fedha. Ipime mkononi: ikiwa nyepesi kuliko inavyoonekana, ni tupu ndani, na hiyo hubonyea kirahisi, na kuinyoosha tena ni kazi ngumu kwa fundi. Bangili ya namna hiyo isitumbukizwe kwenye maji wala dawa, kwa sababu kinachoingia kupitia bawaba hakitoki. Funga na ufungue mara kadhaa ukiishika karibu na uso: msumari wa bawaba ukicheza kushoto na kulia, uende kwa fundi kabla hujaivaa tena. Na iongezewe mnyororo mdogo wa usalama, ili kibanio kikiachia isikudondoke.

Weusi wa fedha unatokana na salfa iliyo hewani, kwenye sufi, kwenye mpira, hata kwenye mayai. Fedha inayovaliwa huchelewa kufanya weusi kwa sababu ngozi na nguo huisugua, jambo jingine ambalo bibi yako alilijua. Ikishapiga weusi, ipanguse kwa kitambaa maalumu cha fedha, sehemu zilizoinuka tu. Weusi ulio ndani ya mistari ya nakshi uache. Mara nyingi fundi aliuweka kwa makusudi ili maua na majani yaonekane, na hata pale ulipojiweka wenyewe kwa miaka, ndio unaoipa nakshi kina chake. Nasikitika kila ninapoona bangili nzuri ya kale imechovywa kwenye dawa ya kung'arisha ikatoka nyeupe tupu, nakshi zimepotea kama hazikuwahi kuchorwa. Ile njia ya maji ya moto na karatasi ya aluminiamu inaleta madhara hayohayo. Na kumbuka kwamba kila unaposugua kwa nguvu unaondoa fedha kidogo, na fedha hiyo hairudi.

Kwa ujumla wa usafi, vitu vinavyosifiwa sana ndivyo ninavyoviogopa. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Inakwaruza dhahabu na kioo. Ndimu na siki huila lulu. Mashine za kusafishia kwa mtikisiko wa mawimbi ya sauti, na zile za mvuke, ni nzuri kwa pete mpya ya almasi, lakini hulegeza vikucha vilivyochoka, hufungua gundi, na hutoa mafuta ambayo zumaridi nyingi zimejazwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu vyako vinne kinachostahili kuingia humo. Klorini nayo, ya bwawa la kuogelea au ya dawa ya kufulia, hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu na kuifanya ipasuke, hasa kwenye lehemu. Pete yako ikichafuka, lowesha ncha ya pamba kwa maji, ikamue hadi ibaki na unyevu tu, ufute dhahabu upande wa chini bila kukaribia kito, kisha kausha papo hapo. Zaidi ya hapo mwachie fundi.

Katika kuhifadhi, kila pambo liwe na kifuko chake cha pamba laini. Visichanganywe. Bafuni hapafai, kwa mvuke na joto linalopanda na kushuka. Sufi na raba zikae mbali na fedha. Na kama ndani ya kisanduku kuna kitana au pini ya nywele ya zamani yenye harufu kali ya kafuri, itoe leo. Huenda ni seluloidi, plastiki ya tangu karne ya 19. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula vilivyo jirani, na hushika moto upesi mno.

Sasa kuipunguza pete. Usikubali ikatwe na kuchomwa kwa moto wa kawaida kito kikiwa mahali pake. Joto litaimaliza karatasi ya nyuma na laweza kukipasua kito. Kwa kuanzia, tumia kizuizi laini cha plastiki kinachozungushwa upande wa ndani wa pete, kinaondoka bila kuacha alama. Au ijaribu kidole kingine. Ukiamua ipunguzwe kabisa, tafuta sonara mwenye mashine ya leza, kwa kuwa joto lake hukaa kwenye nukta ndogo tu na halisambai hadi kwenye kito. Chukua picha za pete pande zote kabla hujamkabidhi, ndani yake pia, alama zikionekana.

Kabla hajaigusa, muulize: utakata sehemu gani? Jibu sahihi ni mahali pasipo na alama wala nakshi. Utatumia lehemu gani? Anatakiwa ataje dhahabu ya karati 15 au iliyo karibu sana nayo. Akitaja lehemu ya risasi au bati, shukuru uondoke, kwa sababu risasi ikija kupata moto siku nyingine hutoboa dhahabu, na mafundi wengi hukataa kabisa kugusa pete iliyowahi kutiwa hiyo. Je, ataing'arisha kwa mashine akimaliza? Mwambie asing'arishe, apanguse tu kwa mkono pale alipounganisha. Na akikwambia kito "kitapendeza zaidi" mgongo ukitobolewa ili mwanga upite, irudishe pete mfukoni utafute mwingine.